Kuendesha na Kugeuza Chombo kwa Usalama Majini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga anayeshika usukani wa boti au mashua ya injini yenye urefu wa mita 5 hadi 20 hivi, ingawa mengi yanafaa hata kwa meli. Chombo majini husukumwa na vitu vitatu kwa pamoja: injini, upepo na mkondo. Nahodha anamiliki kimoja tu kati ya hivyo. Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye mambo mawili: uende polepole kiasi cha kuweza kusimama, na uwe umeshaamua utatokea wapi mambo yakiharibika.

Nimegeuza omo (mbele ya chombo) vizuri, mbona tezi (nyuma yake) imegonga gati?

Gari hufuata magurudumu yake ya mbele. Chombo hakifanyi hivyo. Usukani uko tezini, kwa hiyo ukikata kulia, kinachosukumwa kwanza ni tezi, nayo inakwenda kushoto. Hapo ndipo omo inapoelekea kulia. Chombo kinajizungusha kwenye kitovu chake, na kitovu hicho kinahama. Chombo kikiwa kimesimama, kitovu kiko karibu na katikati. Kikienda mbele, kinasogea hadi kati ya robo na theluthi ya urefu kutoka omo. Kikirudi nyuma, kinahamia karibu robo ya urefu kutoka tezi.

Chukua boti ya mita 12 inayokwenda mbele. Kitovu chake kiko mita 3 au 4 kutoka omo, kwa hiyo mita 8 hadi 9 za mwili zinafagia upande wa pili kila unapokata kona. Ukiwa umelala ubavu kwa gati kisha ukakata usukani kwenda nje na kutia gia ya mbele, tezi itasugua gati mpaka mwisho. Dawa yake ni kuitoa tezi kwanza, na namna ya kuitoa iko chini kwenye swali la kuondoka gatini. Jiwekee desturi ya kugeuka na kutazama tezi kila unapokata usukani mahali pembamba.

Nikienda polepole usukani haushiki. Nifanyeje?

Ubao wa usukani hufanya kazi pale maji yanapopita juu yake. Mwendo ukipungua sana, au gia ikiwa huru, maji hayapiti ya kutosha. Usiongeze mwendo wote. Tumia mpigo mfupi. Kata usukani kwanza mpaka mwisho upande unaotaka, kisha tia gia ya mbele na nguvu kidogo kwa sekunde moja au mbili, halafu rudisha gia huru. Propela inatupa maji kwenye ubao, tezi inasukumwa, na chombo kinageuka kabla hakijapata muda wa kuongeza kasi.

Mpangilio huo ni muhimu: usukani, kisha gia. Anayetanguliza gia anakwenda mbele moja kwa moja kuelekea kile alichotaka kukikwepa. Kwenye injini ya nje hakuna ubao kabisa. Injini yenyewe ndiyo usukani, kwa hiyo gia ikiwa huru uwezo wa kugeuza ni mdogo mno.

Kwa nini chombo kinakwenda upande nikitia rivasi?

Propela haisukumi maji nyuma au mbele tu, pia inayafagia upande. Propela nyingi za chombo chenye shafti moja huzunguka kulia, yaani ukisimama nyuma ya tezi na kutazama omo, inafuata mwendo wa mshale wa saa ikiwa kwenye gia ya mbele. Ukitia rivasi inazunguka kinyume, na tezi inavutwa kushoto. Wakati huohuo usukani bado haujapata maji ya kutosha kuizuia.

Kujua tabia ya chombo chako ni rahisi. Kikiwa kimefungwa imara gatini, tia rivasi kwa nguvu ndogo na uchungulie pande zote mbili. Upande maji yanakochemka zaidi ni kinyume cha upande tezi itakakokwenda. Yakichemka kulia, tezi itavutwa kushoto.

Ukishaijua tabia hii inakuwa msaada. Kwa propela ya kulia, mahali pembamba geukia kulia: kata usukani wote kulia, piga mpigo mmoja wa mbele, omo inaanza kuja, kabla chombo hakijashika mwendo tia rivasi, tezi inavutwa kushoto na omo inazidi kwenda kulia. Rudia mpigo wa mbele, kisha rivasi. Usukani unabaki palepale kulia muda wote, na chombo kinageuka karibu ndani ya urefu wake. Ukijaribu hivyohivyo kugeukia kushoto, kila rivasi itakunyang'anya ulichopata.

Nikaribie gati vipi?

Kabla ya kukaribia, simama mbali kidogo na uangalie mambo mawili: bendera au moshi unaelekea wapi, na maji yanakwendaje kwenye nguzo za gati au maboya. Kinachokisukuma chombo chako kwa nguvu zaidi, upepo au mkondo, ndicho ukielekezee omo.

Hesabu ya mkondo inaeleza sababu. Tuseme mkondo una noti 2, na noti moja ni maili ya baharini, mita 1,852, kwa saa. Ukija dhidi yake kwa mwendo wa noti 2 majini, kwa gati umesimama kabisa, na bado maji yanapita kwenye usukani kwa noti 2, kwa hiyo unashika. Ukija pamoja na mkondo kwa mwendo uleule, unapita gati kwa noti 4, sawa na mita 2 kila sekunde, na ukitaka kusimama lazima urudi nyuma kwa noti 2 huku usukani haukusikii.

Kisha tayarisha: dafrau (mito ya kukinga ubavu usigonge) zishushwe upande utakaolala, kamba ya omo na ya tezi ziwe zimekunjwa na kufunguka bila kujisokota, na kila mtu ajue kamba ipi ni yake. Hayo yafanyike kabla ya kuingia, si mita 10 kutoka gatini.

Kwa chombo cha propela moja ya kulia, kulala ubavu wa kushoto ndiko rahisi. Lielekee gati kwa pembe ya digrii 20 hadi 30, mwendo wa mtu anayetembea taratibu au pungufu. Ukibakiza takriban urefu mmoja wa chombo, weka gia huru uone kinavyoteleza. Karibu na gati kata usukani kulia, kwenda nje, na piga mpigo mfupi wa mbele ili tezi isogee ndani; kisha rivasi fupi inakisimamisha chombo na kuivuta tezi gatini. Ubavu wa kulia ni kinyume: rivasi itaiondoa tezi gatini. Hapo ingia kwa pembe ndogo, digrii 10 hivi, na mwendo mdogo zaidi ili usihitaji rivasi nyingi.

Upepo ukikusukumia gatini, usilielekee gati. Simama sambamba nalo, mita moja au mbili nje, na uuache upepo umalize kazi juu ya dafrau. Upepo ukikutoa gatini, ingia kwa pembe kubwa zaidi na ufunge haraka kamba ya kwanza ya katikati ya chombo. Ukiipata hiyo, gia ya mbele taratibu na usukani ukikatwa kwenda nje vitakikandamiza chombo gatini wakati mnafunga nyingine.

Mtu asiruke. Ashuke tu pale anapoweza kupiga hatua moja ya kawaida. Wala mkono au mguu usiwekwe kati ya chombo na gati: boti ya tani 5 inayokwenda taratibu kabisa inavunja mfupa bila hata kutikisika. Kama pembe au mwendo haukukaa sawa, toka nje uanze upya. Nahodha mzuri hulazimika kurudia, na ni bora kurudia mara tatu kuliko kulazimisha mara moja.

Upepo unanikandamiza gatini. Nitatokaje?

Tumia kamba ya mshazari. Inafungwa kwenye omo ya chombo na kurudi nyuma hadi kwenye nguzo ya gati karibu na usawa wa katikati ya chombo. Ipitishe kwenye nguzo na urudishe ncha yake ndani ya chombo ili uweze kuifungua bila mtu kubaki gatini. Ncha itakayovutwa isiwe na fundo wala kitanzi.

Weka dafrau nene kuliko zote omoni. Fungua kamba nyingine zote. Kata usukani kuelekea gatini, tia gia ya mbele kwa nguvu ndogo. Kamba inakizuia chombo kwenda mbele, maji ya propela yanausukuma ubao wa usukani, na tezi inatoka nje ikipingana na upepo. Ikifika digrii 30 hadi 45, au zaidi kama upepo ni mkali, weka gia huru, usukani katikati, vuta kamba yote ndani, halafu rudi nyuma kwa nguvu ya kutosha mpaka upate nafasi.

Kinachoharibu mbinu hii mara nyingi ni mambo mawili. La kwanza ni kamba kukwama kwenye nguzo huku chombo kimeshaanza kurudi. La pili ni baya zaidi: kamba kuachiwa majini ikavutwa na propela. Anayeshika kamba apige kelele "Kamba ndani!" na nahodha asitie rivasi kabla ya kuisikia sauti hiyo. Yeyote aliye karibu asisimame ndani ya kitanzi cha kamba wala kwenye mstari wake ikiwa imekazika.

Chombo chenye injini mbili kina faida gani hapa?

Kubwa. Injini moja ikiwa mbele na nyingine nyuma, chombo kinajizungusha mahali pamoja: kushoto mbele na kulia nyuma, omo inakwenda kulia. Weka usukani katikati na utumie gia peke yake. Rivasi husukuma kwa udhaifu kuliko gia ya mbele, kwa hiyo injini iliyo nyuma ipewe nguvu kidogo zaidi, la sivyo chombo kitasonga mbele huku kikizunguka.

Upepo wa kiasi gani ni mwingi kwangu?

Hakuna namba moja kwa vyombo vyote, lakini kuna hesabu inayowashangaza wengi: nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukitoka noti 10 hadi 20, msukumo wake si mara mbili, ni mara nne. Ukifika 30 ni mara tisa. Boti yenye kibanda kirefu na sehemu ndogo chini ya maji inachukuliwa mapema zaidi, na omo ndiyo huangukia demani (upande upepo unakoelekea) kwanza, kwa sababu kwa kawaida ni nyepesi na haina usukani wala propela ya kuishikilia. Ukiwa huna uhakika, jaribu kukigeuza chombo mahali pa wazi. Kikishindwa kuipitisha omo kwenye upepo pale nje, hakitaweza ndani ya bandari.

Nifanye nini mawimbi yakiwa makubwa?

Inategemea yanatoka wapi.

Mawimbi ya omo: punguza mwendo mpaka chombo kiache kujibamiza. Kujibamiza si usumbufu tu. Kunalegeza viungo, kunapasua mbao na kuumiza migongo ya walioketi mbele. Usiyapande uso kwa uso moja kwa moja; yapokee kwa pembe ya digrii 30 hadi 45 kutoka omo, ili chombo kipande mteremko kwa mshazari. Ongeza nguvu kidogo unapopanda, punguza kabla ya kufika kileleni ili usiruke upande wa pili. Kwenye injini ya nje, iinamishe kuelekea chomboni ili omo ibaki chini na ikate maji.

Mawimbi ya ubavuni: hapa chombo kinakwenda mrama, yaani kinayumba ubavu hadi ubavu. Hatari kubwa ni pale mpigo wa mawimbi unapolingana na mpigo wa chombo wenyewe wa kuyumba. Kila wimbi linaongeza juu ya lililopita, na shehena inaweza kuhama. Badili mojawapo, mwelekeo au mwendo, na ule ulinganifu unavunjika. Kama safari yako inakulazimu kuyapa ubavu, gawa njia: kipande cha kwanza uyaweke mshazari wa omo, cha pili mshazari wa tezi. Njia inarefuka, lakini utafika mkavu.

Mawimbi ya tezi ndiyo yanayodanganya, kwa kuwa safari inaonekana tulivu na ya kasi. Wimbi linainyanyua tezi, chombo kinateleza kama kinashuka mlima, omo inajichimba kwenye wimbi la mbele, usukani unakosa maji, na ghafla chombo kinageuka na kulipa wimbi ubavu. Vyombo hupinduka hapo. Kaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako na usikipite kilele chake. Kama mawimbi ni ya kasi kuliko wewe, iweke tezi iyapokee sawasawa, hamisha uzito nyuma kidogo ili omo inyanyuke, na kama bado kinateleza buruta kamba ndefu nene tezini, kamba inayoburutwa humpunguzia kasi yule anayetaka kukimbia.

Kumbuka pia mkondo. Upepo ukienda upande mmoja na mkondo ukija kinyume, mawimbi yanafupika na kusimama wima. Mahali palepale panaweza kupitika saa ya maji kujaa na pasipitike maji yakianza kupwa.

Nawezaje kuvuka mlango wa mto au bandari wenye fungu la mchanga?

Kwanza, jiulize kama ni lazima leo. Kama ni lazima, vuka karibu na mwisho wa maji kujaa. Kamwe usivuke maji yakitoka kwa nguvu huku mawimbi yakiingia.

Kaa nje uangalie kwa dakika 10 hadi 15 angalau. Mawimbi huja kwa makundi, makubwa kadhaa kisha madogo. Ukitazama kutoka baharini unaona migongo yao tu, na mgongo huficha ukali wa wimbi linalovunjika, kwa hiyo yachukulie kuwa mabaya zaidi ya yanavyoonekana. Kila mtu avae jaketi okozi, milango na vifuniko vifungwe, vitu vilivyo huru vifungwe. Kundi kubwa likipita, ingia mgongoni mwa wimbi na ulifuate kwa kasi yake mpaka uwe ndani. Ukishaingia usigeuke katikati. Kugeuka ndiko kuupa mlango ubavu wako.

Kina kinatosha kwenye chati, mbona nimegusa chini?

Sababu ni mojawapo ya mbili, au zote.

Ya kwanza ni maji kupwa. Mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, hushuka kwa takriban saa sita, lakini si kwa usawa. Gawa tofauti yote kwa 12: saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza unapoteza sentimita 30 tu na unajiona salama, kisha saa ya tatu na ya nne zinakunyang'anya mita 1.8 kwa jumla.

Ya pili ni chombo chenyewe kuzama kidogo kwa sababu ya mwendo. Maji yakibanwa chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo) yanakwenda kasi, shinikizo linashuka, na chombo kinashuka nalo. Kwa meli, makadirio yanayotumika ni kuzidisha kigezo cha ujazo wa mwili wa chombo (sehemu ya sanduku la urefu, upana na kina chake ambayo mwili unaijaza chini ya maji) kwa mraba wa kasi kwa noti, kisha kugawa kwa 100; jibu ni mita. Chombo chenye kigezo cha 0.7 kikienda noti 10 kinashuka sentimita 70. Kwa noti 5 ni sentimita 18 tu. Kwenye mfereji mwembamba zidisha mara mbili. Kupunguza mwendo kwa nusu kunakurudishia robo tatu ya ulichopoteza, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza maji yakipungua.

Dalili za kutazama: mwendo unapungua bila kugusa injini, wimbi la tezini linakuwa kubwa, usukani unakuwa mzito, maji nyuma yanachafuka. Ukipita karibu na ukingo wa mfereji, tezi inavutwa kwenye ukingo na omo inasukumwa mbali. Punguza mwendo na urudi katikati taratibu.

Nimekwama. Nipige rivasi?

Bado. Weka gia huru, hesabu watu, fungua ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika) uone kama maji yanaingia. Chombo kilichotoboka kinaweza kuwa salama zaidi pale juu ya mchanga kuliko kikiwa kwenye kina. Kisha ujue maji yanajaa au yanapwa. Yakijaa, tupa nanga upande wa kina ili mawimbi yasikusukume ndani zaidi, na usubiri. Yakipwa, una dakika chache: nyanyua injini ya nje, hamishia watu upande usiokwama, jisukume kwa mti kurudi ulikotoka. Ikishindikana umepwelewa, kiandae chombo kulala upande ulio mbali na kina na usubiri maji yarudi. Kupiga injini kwa nguvu kwenye mchanga kunajaza mchanga kwenye njia ya maji ya kupoza, na utapata tatizo la pili.

Nitoe amari (kamba au mnyororo wa nanga) ndefu kiasi gani?

Hesabu kutoka omo hadi chini wakati wa maji makubwa, si kina unachokiona sasa. Kwa nanga ya kamba yenye mnyororo mfupi, zidisha kwa 7. Kwa mnyororo mtupu kwenye hali tulivu, 5. Hali ikiharibika, 10 kama nafasi ipo.

Mfano: kina sasa ni mita 4, omo iko mita 1 juu ya maji, na maji yatapanda mita 3. Jumla ni 8, mara 7 ni mita 56. Aliyezidisha kina peke yake atatoa mita 28, na maji yakijaa atabaki na uwiano wa 3.5 kwa 1. Nanga inashika kwa kuvutwa mlalo. Amari ikiwa fupi inaivuta juu, na chombo kinaanza kuburura usiku wakati watu wamelala.

Namna ya kutia: elekeza omo kwenye upepo au mkondo, simama kabisa, shusha nanga taratibu mpaka iguse chini, usiitupe pamoja na rundo la mnyororo juu yake. Rudi nyuma polepole huku ukitoa amari. Ikitoka yote, tia rivasi kidogo kwa nusu dakika na utazame vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine. Vikiachana, unaburura. Kamwe usitie nanga kwa tezi: tezi ni pana, iko chini, na wimbi moja linaweza kuijaza.

Tukikutana na chombo kingine, nani apishe?

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977, zinajibu. Kwa vyombo vya injini vinavyoonana: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja akate kulia. Mkikatiza njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye apishe, na aepuke kupita mbele yake. Anayempita mwenzake kutoka nyuma apishe, kwa hali yoyote. Kwenye mfereji mwembamba kaa upande wako wa kulia, na chombo chenye urefu chini ya mita 20 kisizuie meli isiyoweza kupita kwingine.

Kujua kama mtagongana, mpime mwenzako kwa dira. Kama pembe yake haibadiliki na anazidi kukaribia, mtagongana. Pisha mapema na kwa kiasi kinachoonekana: digrii 5 hakuna atakayeziona, digrii 30 anaziona hata usiku, kwani rangi ya taa zako inabadilika. Mlio mmoja mfupi wa honi ni "nakata kulia", miwili "nakata kushoto", mitatu "natia rivasi", na mitano au zaidi ni "sielewi unachofanya".

Ukungu ukishuka?

Punguza mwendo mara moja, washa taa, weka mtu omoni wa kutazama na kusikiliza. Chombo cha injini kinachosonga kipige mlio mrefu mmoja, wa sekunde 4 hadi 6, kila baada ya muda usiozidi dakika 2. Kikiwa hakijatia nanga lakini kimesimama, milio miwili mirefu. Zima injini mara kwa mara usikilize. Sauti ya injini yako ndiyo inayokuziba masikio. Ukisikia honi mbele yako na hujui iko wapi, punguza hadi mwendo mdogo kabisa wa kushika usukani, au simama. Na kama huna rada, ondoka njia ya meli, ingia kwenye maji machache meli isikofika, utie nanga.

Mtu ameanguka majini. Hatua ya kwanza?

Piga kelele "Mtu majini!" na kata usukani upande ule alioangukia, ili tezi na propela vimkimbie. Mtupie boya. Mtu mmoja amnyooshee kidole na asimwondolee macho hata sekunde, hana kazi nyingine. Bonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali kwenye GPS kama ipo.

Kama humwoni tena, usiku au kwenye ukungu, kata usukani wote upande alioangukia mpaka mwelekeo ubadilike digrii 60, kisha kata wote upande wa pili mpaka uwe umeelekea ulikotoka. Chombo kinarudi juu ya njia yake yenyewe.

Mkaribie omo ikiwa kwenye upepo, polepole, na akifika usawa wa mkono zima injini. Gia huru haitoshi, kwani mkono unaweza kugusa mkono wa gia. Mpandishe mbali na propela, kwa ngazi au kitanzi cha kamba. Aliyekaa sana majini apandishwe akiwa amelala mlalo ikiwezekana.

Kwenye boti ya injini ya nje, aliyeshika usukani afunge kamba ya kuzimia injini pajani au kwenye jaketi okozi. Akianguka bila hiyo, boti huanza kuzunguka peke yake na kurudi pale alipo, propela ikiwa inazunguka.

Maji kidogo kwenye ngama yana shida gani?

Ngama ya urefu wa mita 5 na upana wa mita 2 yenye maji ya sentimita 10 imebeba tani moja. Uzito si kitu kama tani hiyo ingetulia. Chombo kikilala upande, maji yote yanakimbilia hukohuko na kukilaza zaidi. Athari hii hukua kwa upana uliozidishwa wenyewe mara tatu. Ndiyo maana kizuizi kimoja cha katikati, kinachogawa upana mara mbili kutoka omo hadi tezi, kinaipunguza hadi robo. Fua maji mapema, kabla ya kuondoka na kila saa njiani. Kwa sababu hiyohiyo shehena ikae chini na ifungwe, na abiria waambiwe kabla ya safari: chombo kikiyumba wakae chini, wasisimame, wasikimbilie upande mmoja kutazama kitu.

Injini imezimika na upepo unanipeleka kwenye mwamba.

Nanga kwanza, injini baadaye. Nanga iwe tayari omoni muda wote ukiwa karibu na nchi kavu, ncha ya amari ikiwa imefungwa chomboni. Hata kina kikiwa kirefu, ishushe. Itashika chombo kitakapofikia maji machache. Kisha kagua yale ya kawaida kwa mpangilio: kamba ya kuzimia injini imechomoka, tundu la hewa la tangi limefungwa, mafuta yameisha au yana maji, propela imenasa kamba au mfuko. Usitie mkono kwenye propela kabla hujachomoa ufunguo.

Kama nanga haishiki, ita msaada mapema wakati bado una nafasi. Kwenye redio ya VHF (redio ya mawasiliano ya vyombo vya majini) tumia chaneli ya 16: sema "Mayday", wito wa hatari, mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali ulipo, tatizo, na idadi ya watu. Anza na mahali ulipo kama unadhani redio itakatika.

Nifanye mazoezi gani ili nikijue chombo changu?

Tafuta maji ya wazi siku tulivu, tupa boya dogo, lipite kwa mwendo wako wa kawaida na utie gia huru likiwa usawani mwa omo. Hesabu ni urefu wa chombo mara ngapi mpaka kisimame. Rudia kwa kutia rivasi. Fanya tena kikiwa kimepakia, maana chombo kilichopakia kinateleza mbali zaidi. Kisha kigeuze duara kamili kulia na kushoto na ulinganishe upana. Mwisho, kiache kimesimama na injini huru uone omo inaangukia wapi na kinachukuliwa upande kwa kasi gani. Rudia zoezi hilo la mwisho upepo ukiwa noti 15 hivi, na uandike majibu yote karibu na usukani ambako anayekupokea ataweza kuyasoma.